Kupima dhahabu, fedha na platini kwa sumaku: hatua kwa hatua, pamoja na sababu zake

Mama mmoja aliniletea mkufu ameufunga kwenye ncha ya leso. Alikuwa ameununua wiki ile ile, akafika nyumbani, mwanawe akachomoa sumaku kwenye spika mbovu akaugusisha, na mkufu ukanasa. "Nimetapeliwa," akasema, na kuketi hakutaka. Nikautandaza mkufu juu ya kitambaa cheupe, nikaanza kupitisha sumaku kipande kwa kipande kutoka katikati. Kimya. Nikafika mwisho wa upande mmoja, kimya. Upande wa pili, sumaku ilipokaribia kifungio, kile kidogo cha kubonyeza kwa ukucha, ikakidaka: tik! Ndani ya kifungio cha aina hiyo mna springi ndogo ya chuma, nyembamba kama uzi, kwa sababu dhahabu ni laini mno kuweza kujikunja na kurudi maelfu ya mara bila kulegea. Mkufu wenyewe ulikuwa dhahabu halisi ya karati 18.

Majuma machache baadaye akaja kijana na bangili. Yeye alikuwa mtulivu kabisa. Alishaipima kwa sumaku, haikunasa hata kidogo, kwa hiyo alichotaka kwangu ni bei tu. Kilichotokea kwenye mizani nitakieleza mwishoni.

Wote wawili walifanya jaribio lile lile, na wote wawili walisoma jibu vibaya. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Jaribio la sumaku ni zuri, halina gharama na haliharibu kitu, lakini kazi yake ni moja: kukamata chuma kilichojificha. Kuthibitisha kwamba kitu ni dhahabu haliwezi kabisa, kwa sababu ziko metali tele za bei rahisi ambazo sumaku nazo haizigusi.

Jibu fupi kwa wenye haraka

Dhahabu safi hainaswi na sumaku. Fedha safi hainaswi. Platini na paladi huvutwa kidogo mno, kiasi ambacho mkono wako hauwezi kukihisi. Rodi, iridi, rutheni na osmi, ndugu zake platini, ni hivyo hivyo. Kwa joto la kawaida la chumbani, metali safi zinazorukia sumaku ni tatu tu za kukumbuka: chuma, nikeli na kobalti. Kwa hiyo pete ya "dhahabu" ikirukia sumaku, mna mojawapo ya hizo tatu mahali fulani. Swali linalobaki ni mahali gani, na kiasi gani.

Hatua ya kwanza: pata sumaku inayofaa

Sumaku nyeusi ya kubandika karatasi kwenye friji haifai. Nguvu yake ni ndogo, na tabaka jembamba la chuma chini ya dhahabu iliyopakwa linaweza kuipita bila kuishtua. Tafuta sumaku ya neodimiamu, zile ndogo zinazong'aa kama sarafu mpya. Zilianza kutengenezwa miaka ya mwanzo ya 1980 kwa mchanganyiko wa neodimiamu, chuma na boroni, na hazina mpinzani kwa nguvu miongoni mwa sumaku za kudumu zinazouzwa kwa watu wa kawaida. Kama huna pa kununua, fungua diski kuu ya kompyuta iliyokufa. Ndani mna vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mwandamo. Kwa kupima vito, kisahani cha upana wa sentimita moja au moja na nusu kinatosha sana.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Sumaku hizi si za kuchezea mtoto. Akimeza mbili, zinatafutana tumboni na kubana ukuta wa utumbo kati yake mpaka unatoboka. Hilo linahitaji hospitali mara moja, hata kabla maumivu hayajaanza. Mtu mwenye kifaa cha kusawazisha mapigo ya moyo kifuani asizikaribishe mwilini. Kadi za benki zenye ukanda mweusi na saa za mashine ziweke mbali. Na usiziachie mbili zirukiane mezani: zinavunjika kama kauri, na vipande vyake vinaruka kuelekea machoni.

Hatua ya pili: ijaribu sumaku yenyewe

Chukua pini ya chuma na kipande cha waya wa shaba, ule mwekundu wa ndani ya nyaya za umeme. Pini irukie sumaku ikiwa bado iko umbali wa sentimita moja au mbili. Waya wa shaba usicheze. Ukikuta waya unavutwa, huenda si shaba tupu bali ni chuma kilichopakwa shaba, kitu kinachotokea mara nyingi tu; tafuta mwingine. Fanya hivi kila mara kabla ya kupima kitu cha mtu. Unauzoesha mkono wako tofauti ya "ndiyo" na "hapana", ili usije ukababaishwa na kitu cha katikati.

Hatua ya tatu: kitayarishe kitu chako

Kifute vizuri kwa kitambaa chenye unyevu kisha ukikaushe. Vito vinavyotoka mezani kwa sonara huweza kubeba chembe za tupa, na tupa ni chuma. Chembe moja tu iliyojificha kwenye nakshi inatosha kukupa jibu la uongo. Kisha angalia maungo ya kitu. Hereni zina vishikio vya nyuma, saa ina mashine, bangili ya kufunguka ina pini ndani ya bawaba, mkufu una kifungio. Yanayotoka yatoe. Yasiyotoka yawekee alama kichwani na usiyapime pamoja na mwili wa kito.

Hatua ya nne: ning'iniza, sogeza polepole, subiri

Watu wengi huweka pete mezani na kuigusisha sumaku. Msuguano wa meza unatosha kuficha mvuto mdogo. Badala yake, funga pete kwa uzi mwembamba wenye urefu wa kama sentimita 30, uning'inize mahali pasipo upepo, ngoja itulie kabisa. Sasa leta sumaku kwa upande, polepole sana, mpaka ibaki milimita chache. Kisha usifanye kitu. Hesabu mpaka tano.

Kungoja huko ndiko siri ya jaribio zima, na sababu yake ni hii. Ukiisogeza sumaku kwa haraka karibu na fedha, fedha inacheza. Ukiipeleka kwa kasi, pete inasukumwa nyuma. Ukiiondoa kwa kasi, pete inaifuata kama inayovutwa. Nimewaona watu wakipiga kelele "inanasa!" juu ya fedha safi kabisa. Huko si kunaswa. Sumaku inayotembea huamsha mikondo ya umeme ndani ya metali yoyote inayopitisha umeme vizuri, na mikondo hiyo nayo hugeuka sumaku kwa muda, ikipinga mwendo ulioizaa. Sumaku ikisimama, mikondo inakufa papo hapo na pete inarudi kwenye wima wake. Chuma hakifanyi hivyo: sumaku ikisimama, chuma kinaendelea kuvutwa. Kwa hiyo jibu la kweli ni lile unaloliona baada ya kila kitu kutulia.

Hatua ya tano: soma jibu

Kikirukia na kung'ang'ania, mwili wenyewe ni chuma au una chuma kingi, umepakwa rangi ya dhahabu juu. Hapo huhitaji mtaalamu. Hakuna dhahabu ya karati yoyote inayoheshimika inayofanya hivyo.

Kikivutwa kwa unyonge, yaani uzi unapinda kidogo na kubaki umepinda, usihukumu bado. Chunguza ni sehemu gani inayovutwa. Huenda ni kifungio tu. Huenda ni tabaka la nikeli, maana mafundi wa kupaka dhahabu mara nyingi huweka nikeli kwanza ndipo dhahabu ishike vizuri juu yake. Na huenda ni platini halali: kuna pete za platini za alama 950 ambazo sehemu 50 kwa 1,000 zilizobaki ni kobalti, kwa sababu mchanganyiko huo humiminika vizuri kwenye kalibu, na pete hizo huvutwa na sumaku kali waziwazi. Watu wameshaitwa matapeli kwa kuuza pete za namna hiyo, na hawakuwa na kosa.

Kisipocheza, umejua jambo moja tu: si chuma cha kawaida. Kinaweza kuwa dhahabu. Kinaweza pia kuwa shaba nyekundu, au shaba ya njano (ile iliyochanganywa na zinki), au risasi, alumini, tungsteni, au hata aina za chuma kisichoshika kutu. Hii ya mwisho huwashangaza wengi, lakini sufuria na vijiko vingi vinavyong'aa ni chuma kilichotiwa kromi na nikeli mpaka mpangilio wake wa ndani ukabadilika, na sumaku inaviacha au inavigusa kwa shida.

Kwa nini chuma kivutwe na dhahabu isivutwe?

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi, na sitapapita mbio.

Kila elektroni ndani ya atomu ni sumaku ndogo. Ina ncha zake mbili, na haipumziki. Ukiambiwa hivyo utauliza: kama ni hivyo mbona kila kitu duniani hakinaswi? Kwa sababu elektroni hupenda kukaa mbili mbili, moja imeelekea juu na mwenzake chini, na nguvu zao zinauana. Elektroni zilizooana hazionekani kwa nje. Zinazoonekana ni zile zilizobaki peke yake.

Atomu ya dhahabu ina elektroni 79. Kati ya hizo, 78 zimekaa kwenye matabaka yaliyojaa kabisa, zote zimeoana. Inabaki moja ya nje. Lakini dhahabu ikiwa bonge, elektroni hiyo haikai na atomu yake. Inatolewa kwenye shirika, inazurura pamoja na za atomu nyingine zote, na huko nako zinaoana karibu zote. Fedha yenye elektroni 47 na shaba yenye 29 zimejengwa kwa mtindo huo huo: matabaka yaliyojaa na elektroni moja ya nje inayozurura. Ndiyo maana tatu hizi ndizo zinazopitisha umeme kuliko metali nyingine zote, na ndiyo maana sumaku haina cha kushika ndani yake. Mambo hayo mawili yana mzizi mmoja.

Tena si kwamba dhahabu haijali tu. Inapinga. Ukiiweka ndani ya uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafika, elektroni zake zilizooana hubadili mwendo wao kidogo na kuzaa uga mdogo wa kinyume, kiasi cha sehemu 34 kwa milioni ya uga uliowekwa. Kwa fedha ni kama sehemu 24 kwa milioni. Maana yake ni kwamba sumaku inaisukuma dhahabu, haiivuti, ila msukumo wenyewe ni mdogo kiasi kwamba uzito wa uzi na pumzi yako vinaufunika. Mwaka 1778 Anton Brugmans alikuwa ameshaona bismuthi ikikimbia sumaku, na mwaka 1845 Michael Faraday akaonyesha kwamba tabia hiyo ya kupinga imo katika vitu vingi mno, akaipa jina la kisayansi la daimagnetiki. Maji yanayo. Mbao zinazo. Mwili wako unayo.

Platini na paladi ni habari nyingine. Zikiwa bonge, tabaka lao la elektroni lililo karibu na nje halijajaa, kwa hiyo kuna elektroni zisizo na wenzao. Sumaku ikija, hizo hugeuka kuielekea, ila joto la chumba linazitikisatikisa na kuzirudisha ovyo ovyo. Kinachobaki ni mvuto wa kama sehemu 280 kwa milioni kwa platini, na kama 800 kwa paladi, ambayo ndiyo inayoongoza miongoni mwa madini ya thamani. Tabia hii huitwa paramagnetiki. Kwa mkono ni sawa na sifuri. Kwa mizani nyeti ya maabara ni jambo linalopimika kila siku.

Chuma je? Nacho kina elektroni zisizooana, lakini hilo peke yake lisingetosha. Lingekifanya kiwe kama platini tu. La ziada ni kwamba atomu za chuma zilizo jirani zinalazimishana kuelekea upande mmoja. Moja ikigeuka, ya pembeni inageuka nayo, na ya pembeni yake, mpaka linatokea eneo zima la mabilioni ya atomu lililoelekea mahali pamoja. Wazo la maeneo hayo lilitolewa na Mfaransa Pierre Weiss mwaka 1907. Chuma ambacho hakijaguswa na sumaku kina maeneo mengi yaliyoelekea huku na huko, yakifutana. Sumaku inapokaribia, maeneo yaliyoelekea upande wake yanapanuka yakimeza mengine, na msumari mzima unageuka sumaku. Hapo hatuzungumzii tena sehemu kwa milioni. Chuma laini kinaukuza uga ulioletwa mara mamia, hata maelfu.

Undugu huo wa atomu huvunjwa na joto. Chuma kikifika nyuzi 770 za Selsiasi, mtikisiko unashinda na chuma kinaacha kunaswa kabisa, kisha kikipoa kinarudi. Kwa nikeli ni karibu nyuzi 358, kwa kobalti karibu 1,120. Na huvunjwa pia na umbali. Hili ndilo jibu la swali ninaloulizwa mara nyingi juu ya dhahabu nyeupe: "Si ina nikeli? Mbona hainaswi?" Nyingine ina nikeli kweli, nyingine hupauka kwa paladi, lakini hata ile yenye nikeli, atomu zake za nikeli zimetawanyika katikati ya dhahabu na shaba, zimetenganishwa na jirani zake, hazina wa kulazimishana naye. Ushahidi umo mfukoni mwa watu wengi duniani: sarafu nyeupe za mchanganyiko wa shaba 75 na nikeli 25 kwa 100 hazinaswi, ingawa robo nzima ya uzito wake ni nikeli.

Na upo mfano unaokwenda kinyume, ninaoupenda sana. Ukichanganya platini na kobalti, atomu kwa atomu nusu kwa nusu, unapata sumaku ya kudumu iliyo kali sana, na kwa uzito zaidi ya robo tatu yake ni platini. Madini ya thamani hayana uchawi wa kuikinga metali isinaswe. Kila kitu kinategemea nani amekaa karibu na nani.

Hatua ya sita: mteremko, kwa fedha nene

Kumbuka ile mikondo ya umeme iliyokuchanganya kwenye uzi. Sasa itumie. Hii inafaa kwa vipande bapa vya fedha, kwa mfano mche mdogo au sarafu kubwa nene. Kiinamishe kipande nusu ya wima, kama nyuzi 45, kisha weka kisahani cha neodimiamu juu na ukiache kiteleze. Kwenye ubao au plastiki kitaporomoka mara moja. Kwenye fedha kitashuka kwa utaratibu, kama kinachopita ndani ya asali. Ukikiona kwa mara ya kwanza utataka kurudia. Kadiri sumaku inavyojaribu kukimbia ndivyo mikondo inavyokuwa mikali na kuizuia. Kanuni hiyo aliieleza Heinrich Lenz mwaka 1834.

Fedha ndiyo metali inayopitisha umeme vizuri kuliko zote, kwa hiyo breki yake ni kali. Risasi haifikii hata moja ya kumi ya uwezo huo, na kipande cha risasi kilichopakwa fedha hujifichua hapo hapo: sumaku inateleza upesi. Ila shaba inaifuata fedha kwa karibu sana, na mteremko pekee hautakutenganishia hizo mbili. Kwa hilo subiri mizani.

Kwa dhahabu usiutegemee mteremko. Dhahabu safi ingefanya vizuri, lakini vito vingi ni mchanganyiko, na kuchanganya metali hupunguza sana upitishaji wa umeme hata kama kila moja peke yake ni hodari. Pete na mikufu nayo haina uso bapa wa kutelezea.

Hatua ya saba: uzito na maji

Jaribio linalokamata yale yote ambayo sumaku huyaacha ni densiti, yaani uzito wa kitu kwa kila sentimita moja ya ujazo. Unahitaji mizani inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Mizani ya jikoni inayoruka gramu moja moja haitakusaidia.

Pima kitu kikavu, andika. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga kitu kwa uzi mwembamba, kizamishe chote majini bila kugusa sakafu wala kingo za kikombe, ukiwa umeshika uzi kwa mkono uliotulia. Namba itakayotokea, kwa gramu, ndiyo ujazo wa kitu hicho kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Pete ya gramu 6.20 ikitoa 0.40 majini, densiti ni 15.5, na hapo ndipo ilipo dhahabu ya njano ya karati 18. Pete ya uzito ule ule ikitoa 0.73, jibu ni 8.5, na hiyo ni shaba ya njano.

Weka namba hizi karibu: dhahabu safi 19.3, karati 22 kama 17.8, karati 14 kama 13. Platini 21.45. Paladi 12. Fedha safi 10.49 na fedha ya alama 925 karibu 10.36. Risasi 11.34, shaba 8.96. Jihadhari na mapovu: povu moja lililonasa ndani ya nakshi linaongeza ujazo na kukudanganya kuwa kitu ni hafifu. Tikisa uzi kidogo yatoke. Kito chenye mawe, chenye uwazi ndani au chenye nta hakipimiki kwa njia hii.

Mwanya mmoja wa kweli ni tungsteni. Densiti yake ni 19.25, karibu sawa kabisa na dhahabu safi, na sumaku haiigusi. Mche wa tungsteni uliopakwa dhahabu nene unapita hatua zote za hapo juu isipokuwa ya umeme, yaani ule mteremko. Kwa pete na mikufu haina tabu, kwa kuwa ni ngumu na haifinyangiki kama dhahabu. Kwa miche ya dhahabu, ukinunua, dai ipimwe kwa mashine ya mawimbi ya sauti inayoona mpaka ndani. Mashine ya eksirei ya dukani huona ngozi ya juu tu.

Sarafu, na mchanga mweusi

Kwa sarafu, kuna mahali ambapo sumaku inamaliza mjadala peke yake. Mwaka 1968 Kanada ilitoa sarafu za senti 10 na senti 25 za aina mbili zinazofanana: za nusu fedha, na za nikeli tupu. Ya nikeli inarukia, ya fedha inabaki. Vilevile senti moja ya Marekani ya mwaka 1943 ilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, kwa sababu shaba ilihitajika vitani, na chache sana zilipigwa kwa makosa kwenye shaba. Hizo chache zina thamani kubwa mno, kwa hiyo matapeli huzipaka shaba zile za chuma. Sumaku inawaumbua kwa sekunde moja.

Wanaochekecha dhahabu ya mtoni nao wanaihitaji. Mwisho wa kuosha, kinachobaki kwenye karai ni dhahabu na mchanga mweusi, na sehemu kubwa ya mchanga huo ni magnetiti, ambayo ni madini ya chuma. Kausha kwanza. Vika sumaku mfuko wa plastiki, ipitishe juu ya mchanga bila kuuzika ndani, peleka pembeni, kisha chomoa sumaku mfukoni ili mchanga udondoke. Rudia kwa ule uliodondoka mara mbili tatu zaidi, maana chembe za magnetiti zikirukia kwa wingi hukumbatia chembe za dhahabu na kuondoka nazo. Ukipata kibonge cha dhahabu kinachovutwa, usikitupe. Mara nyingi kimeshikana na mwamba wenye chuma. Pairiti, ile inayong'aa na kuwadanganya wageni, sumaku hainasi, kwa hiyo hapo tumia nyundo: dhahabu hubapa, pairiti hupasuka vumbi.

Na ile bangili ya yule kijana? Niliitundika kwenye uzi mbele yake, nikaleta sumaku, nikahesabu mpaka tano. Haikucheza, na yeye akatabasamu. Kisha nikaiweka kwenye mizani: gramu 17.02. Nikaizamisha: 2.00. Nikamwonyesha namba, nikamwambia kwamba kwa ujazo huo dhahabu ya karati 22 ingekuwa na gramu 35 na zaidi. Akaniomba nirudie. Nikatikisa uzi, mapovu mawili yakapanda, nikazamisha tena: 1.99. "Lakini haikunasa," akasema kwa sauti ya chini. Nikamkatia kipande cha waya wa shaba, nikamkabidhi pamoja na sumaku ajaribu mwenyewe.